Marehemu Chungu Kimoja na Viti Tisa vya Bondeni

Mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Chungu Kimoja, alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Machi 1958, saa nne asubuhi, katika chumba cha pili cha kota za wafanyakazi wa reli. Baba yake alipaka rangi mabehewa na mama yake aliuza maziwa nyumba kwa nyumba. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Leo amebaki mmoja, dada yake mdogo, ambaye ndiye huyo aliyekaa mbele na kanga kichwani na hataki kuletewa maji.

Familia inaomba radhi kwa urefu wa wasifu huu. Nusu yake marehemu aliiandika mwenyewe kitandani, akaagiza isipunguzwe hata mstari, hasa panapomhusu mgeni wetu wa mstari wa pili, mratibu wa takwimu wa wilaya. Karibu sana, mratibu. Hicho kiti usikitingishe. Mguu mmoja umefungwa kwa waya, na habari zake zinakuja.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1966. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu alimtuma awahesabu wanafunzi wa darasa lake. Akarudi na jibu la hamsini na tatu. Mwalimu akaangalia madawati, akaona vichwa thelathini na nane.

"Hao wengine wako wapi?"

"Nje ya dirisha, mwalimu. Wamefukuzwa ada."

Alichapwa viboko vinne kwa kuhesabu watu wasiokuwepo. Dada yake anasema alirudi nyumbani akiwa hajalia, ila alikuwa amenuna kama mtu aliyepunjwa chenji, akirudia maneno yaleyale: "Lakini walikuwepo." Alisoma mpaka kidato cha pili, kisha naye akahamia nje ya dirisha.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, kwenye mizani. Kazi yake ilikuwa kupima magunia ya magadi yanapoingia na katoni za sabuni zinapotoka. Huko ndiko alikoanza kuona kinyaa. Kila mwisho wa mwezi mshahara wake ulikatwa kodi, kisha ukakatwa mchango wa mafao ya uzeeni, na hilo hakulipinga. Alisema mtu akizeeka lazima ale. Kilichomkera ni kugundua kwamba mchango ule ulikuwa na dari. Ukishachangia kiasi fulani kwa mwaka, unaachwa. Wapakiaji hawakuifikia dari hiyo maisha yao yote, walichanga Januari mpaka Desemba. Meneja aliifikia mwezi wa pili, na kuanzia Machi mshahara wake ulitoka mzima, umenona. Marehemu alimuuliza mhasibu kwa nini iko hivyo.

"Ni kumlinda meneja asichange kupita kiasi," alisema mhasibu.

"Na mpakiaji analindwa na nani?"

"Mpakiaji hana kiasi cha kupita."

Jibu hilo marehemu aliliweka moyoni kwa miaka arobaini na tano, na alikuwa akilitoa kwenye harusi, ubatizo na foleni ya maji, kwa mtu yeyote aliyekosea kumuuliza habari za kazi.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1994. Mwaka uliofuata idara ya takwimu ilitangaza nafasi za wadadisi, watu wa kupita kwenye nyumba na kuuliza watu wanapata nini, wanakula nini, wanalala wangapi. Marehemu alipita usaili kwa sababu aliandika namba zinazosomeka. Kitabu cha maelekezo kilisema kaya ni watu wanaolala pamoja na kula chungu kimoja, kwa hiyo swali la kwanza kila mlango lilikuwa, "Mnakula chungu kimoja?" Ndipo jina lilipotoka.

Mlango wa tisa wa kazi yake ya kwanza ulifunguliwa na fundi cherehani, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Mnakula chungu kimoja?" akauliza marehemu.

"Nakula mwenyewe," akajibu yule dada. "Lakini inategemea na wewe umekuja na nini."

Marehemu alikosa kisanduku cha kuweka jibu hilo. Alirudi kesho yake kuhakiki, akarudi keshokutwa kuhakiki uhakiki, na wiki ya tatu akarudi na kilo mbili za mchele. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1996, yeye akiwa na miaka thelathini na minane, umri ambao mama yake alikuwa ameshakata tamaa na kuanza kugawa vyombo alivyomwekea. Walihamia hapa bondeni, nyumba ya tatu kutoka bomba la maji, wakajaliwa mabinti wawili.

Sasa tufike mwaka 2014, maana huko ndiko ugonjwa wa marehemu ulikoanzia, daktari aandike atakavyo.

Mwaka huo ulifanyika utafiti mkubwa wa mapato ya kaya. Lengo lilikuwa kujua nani ni maskini, ili asamehewe mchango wa bima ya afya. Mchango huo, kwa sisi tusio na ajira ya barua, ni kiwango kimoja kwa watu wote. Mwenye maghala manne na mama anayechoma mahindi wanatoa kiasi kilekile, na serikali inauita usawa. Marehemu alipewa mitaa miwili: huu wetu wa bondeni na ule wa mlimani, wenye mageti ya umeme. Nyumba kumi na mbili huku, kumi na mbili kule.

Mlimani alianza na geti namba kumi na nne. Mlinzi alitoa kichwa kwenye kitundu.

"Bosi hayupo."

"Nimeona gari lake linaingia sasa hivi."

"Gari lipo. Bosi ndiye hayupo."

Mlinzi huyo yuko hapa leo, amesimama karibu na koleo, na ameomba isemwe kwamba aliagizwa. Tumemsamehe zamani. Marehemu alirudi mara tatu kama kitabu kinavyotaka, akaenda mageti mengine, na kati ya kumi na mawili lilifunguka moja, tena kwa mzee kiziwi aliyedhani ameletewa gesi. Akarudi ofisini kumweleza mratibu kwamba matajiri hawahesabiki. Mazungumzo yao marehemu aliyaandika siku ileile nyuma ya daftari, na tunayasoma yalivyo.

"Huyo mlinzi analala wapi?" aliuliza mratibu.

"Kwenye kibanda cha getini."

"Anapika wapi?"

"Humohumo, ana jiko la mafuta ya taa."

"Anakula chungu cha nani?"

"Chake."

"Basi kaya umeipata, mzee, unalia nini? Anwani ni ileile. Jaza."

Akajaza. Walinzi kumi na mmoja, kila mmoja kaya ya mtu mmoja, chumba kimoja, hana friji, hana gari, godoro moja la sponji. Kwenye karatasi za serikali, mlimani kukawa ni mahali pa dhiki ya kutisha.

Bondeni hali ilikuwa tofauti, na hapa lawama ni zetu wenyewe, tuseme tu. Sisi mgeni akija na daftari tunataka akae. Hakuna nyumba mtaa huu yenye viti vya kutosha, lakini mtaa mzima ukikusanya unapata tisa. Basi marehemu alipokuwa anaingia mlango wa mbele, viti tisa vilikuwa vinaingia mlango wa nyuma. Akimaliza, vinatangulia nyumba inayofuata. Nyumba ya nne alikaa, akapapasa chini, akakuta waya.

"Dada, hiki kiti nimekikalia saa tatu kwa jirani yako."

"Basi mnajuana. Kaa kwa raha zako."

Kitabu cha maelekezo kilisema: andika unachokiona. Marehemu aliona viti tisa, akaandika tisa. Nyumba kumi na mbili. Mtaa ukatoka na viti mia moja na nane, tukawazidi wenye ukumbi wa harusi. Hata nyumba yake mwenyewe ilipofikiwa, na mdadisi mwenzake maana hairuhusiwi kujihoji, mkewe aliviita vile viti. Marehemu alikuwepo. Alikuwa amekalia kimoja.

Tena si viti peke yake. Dodoso liliuliza unapata kiasi gani kabla ya makato, halikuuliza unabaki na nini. Liliuliza umetumia kiasi gani dukani, halikuuliza ndani ya bei hiyo kodi ni ngapi. Kodi ikipanda, sabuni inapanda. Sabuni ikipanda, matumizi yako yanapanda. Matumizi yakipanda, dodoso linakuona una uwezo. Yaani wanakukamua, halafu wanakuhesabia maziwa waliyokukamua kama utajiri wako. Marehemu alipolielewa jambo hili aliacha kunywa chai kwa siku mbili. Alisema kila akitia sukari anajiona anapandishwa cheo.

Mwaka 2017 orodha ikatoka. Mtaa wa mlimani umesamehewa mchango wa afya, kwa kuwa ni eneo la wenye uhitaji. Mtaa wa bondeni ulipe kamili. Tulicheka siku hiyo. Tulicheka sana, tukaambiana ni makosa ya uchapaji, yatarekebishwa Jumatatu.

Marehemu aligundulika na ugonjwa wa figo mwezi Agosti 2019. Alitakiwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Kadi ya bima ilikuwepo na ilikuwa inafanya kazi, mradi mchango uingie kila robo ya mwaka. Cherehani ya mkewe ililipa. Binti mkubwa, keshia wa duka kubwa la mjini, alilipa alipoweza. Zikaja robo ambazo haikuwezekana.

Tarehe 11 Mei 2021, saa mbili na nusu asubuhi, marehemu alikuwa kwenye dirisha namba mbili la hospitali. Binti wa dirishani aliikagua kadi yake.

"Baba, kadi yako imelala."

"Mchango tutaleta Ijumaa, mwanangu."

"Basi na damu tutasafisha Ijumaa. Samahani, baba yangu, mashine ndiyo inakataa, siyo mimi."

Pembeni yake dereva aliyevaa shati lililopigwa pasi alisukuma kadi nyingine dirishani. Bosi alikuwa garini, anataka kupimwa sukari na macho. Binti akaigusisha kadi kwenye mashine, ikalia vizuri.

"Huyu hana malipo. Amesamehewa. Nyumba namba kumi na nne, mlimani."

Marehemu alishika ukingo wa dirisha. Namba hiyo aliifahamu, aliiandika kwa mkono wake, kwa mwandiko ule uliomwingiza kazini. Mkewe alidhani ni kizunguzungu cha ugonjwa, akamletea maji. Akayasukuma.

"Mama Mkubwa," akasema, maana ndivyo alivyomwita mkewe akiwa na jambo zito, "huyu amepona kwa godoro la mlinzi. Nililiandika mimi. Na viti nikaviandika mimi."

"Viti niliviita mimi," akasema mkewe. "Nilitaka mgeni akae."

Wakarudi nyumbani kwa miguu.

Tangu siku hiyo marehemu alikuwa na kazi moja. Ipo fomu ya marekebisho, kurasa mbili, ambayo mdadisi anaweza kuijaza akikiri alikosea, na mtaa ukahesabiwa upya. Inadai jambo moja tu la ziada: kikao cha ana kwa ana kati ya mdadisi na mratibu, kisha saini ya mratibu. Marehemu aliijaza usiku uleule. Kikao kilipangwa kikaahirishwa mara saba. Mara ya nne alikwenda na fimbo, akamkuta katibu muhtasi anapaka kucha.

"Mratibu yuko semina ya umaskini."

"Ya wapi?"

"Hotelini."

"Atarudi lini?"

"Umaskini ni siku tano, mzee. Ila akitoka huko ana tathmini ya umaskini."

Tunaomba wenye heshima zao watuvumilie hapa, lakini jambo hili linatia kichefuchefu, na marehemu alitaka litamkwe kwa neno hilohilo. Watu walikula kuku wa siku tano wakijadili kwa nini bondeni hatuli kuku. Posho ya semina ilitoka kwenye kodi. Kodi ilitoka kwenye sabuni, mafuta ya taa, vocha za simu na uzi wa cherehani. Uzi ulinunuliwa na mke wa mtu ambaye, wiki hiyohiyo, alikuwa anasafishwa damu mara moja badala ya mbili, na baadaye mara moja kwa wiki mbili, mpaka miguu yake ikavimba viatu vikakataa, akawa anakwenda kuomba kikao kwa ndala.

Mwezi wa nne mwaka huu alipiga hesabu yake ya mwisho, ya kaya yake mwenyewe, na safari hii hakuna aliyemkataza kujihoji. Kabla ya kodi na michango, kaya yake ilikuwa juu ya mstari wa umaskini kwa kiasi cha miche miwili ya sabuni na kiberiti. Baada ya kodi na michango, ilikuwa chini ya mstari. Akaandika pembeni kwa penseli: "Hatukuwa maskini. Tulichangishwa mpaka tukawa." Kisha akamwita mjukuu wake, akampa ile penseli acheze nayo, hakuitaka tena.

Marehemu aliaga dunia Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, wodi ya wanaume namba nne, kitanda cha karibu na mlango. Mkewe alikuwepo, mabinti walikuwepo. Hakusema maneno makubwa. Aliuliza kama mratibu ameshaalikwa mazikoni. Akaambiwa ameshaalikwa na amethibitisha kuja, kwa kuwa barua ya msiba haiahirishiki. Akasema, "Afadhali." Jeneza mnaloliona, na hii ratiba mliyoishika, vimelipiwa kodi ya asilimia ileile ambayo angelipiwa mwenye geti namba kumi na nne. Usawa umetufuata mpaka hapa.

Ndugu mratibu, sasa ni zamu yako, na hatutakuchelewesha.

Orodha mpya ya misamaha inafungwa tarehe 30 mwezi huu, na ikifungwa haifunguliwi kwa miaka mitano. Mjane wa marehemu anatumia vidonge vya shinikizo la damu kila siku. Kadi yake inalala tarehe hiyohiyo. Anazika mume kwa sababu ya dirisha namba mbili na hatutaki tumrudishe huko kwenye foleni ileile. Fomu ya marekebisho imejazwa na mdadisi mhusika, akaisaini tarehe 2 Juni, mbele ya muuguzi wa zamu. Inadai kikao cha ana kwa ana. Tumeisoma mbele na nyuma; haisemi popote kwamba mdadisi awe hai. Wewe umekuja, yeye yupo hapo mbele yako, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu nyote wawili hamna semina.

Kwa kuwa fomu inataka ushahidi wa macho, tunaomba usimame kidogo, ugeuke, uhesabu viti. Ni tisa. Hapa pana nyumba kumi na mbili. Hicho chako chenye waya ni cha nyumba ya nne, cha bluu ni cha mama muuza mkaa, viwili visivyo na mgongo ni vya kinyozi, na vitano vilivyobaki wenyewe wamesimama nyuma yako wanavisubiri. Kwenye nyumba ya marehemu hakuna hata kimoja. Walikuwa wanakaa kitandani na juu ya boksi la cherehani.

Marehemu ameacha mke mmoja, mabinti wawili, mjukuu mmoja, dada mmoja, cherehani moja, daftari kumi na tisa zenye mwandiko unaosomeka, na viti tisa vya watu, ambavyo jioni hii vitarudi kwa wenyewe.

Fomu iko chini ya kiti chako, mratibu. Kalamu imefungwa kwa uzi, kama za ofisini kwako, isipotee. Marehemu aliagiza asifukiwe mpaka kikao kifungwe. Kaburi liko tayari, koleo zipo, na mlinzi wa geti namba kumi na nne amejitolea kuwa wa kwanza kutupa udongo. Sisi wa bondeni hatuna haraka, kusimama tumezoea.

Apumzike kwa amani, ukishasaini.